Mukwe Haguswi na Mupira

Mwape tulimuzika siku ya ine, na siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu, tulikuwa tungali tumeikala ku matanga yake mu Katuba, mu lupango, kiwanja ya nyumba yake mwenyewe, juu ya biti bya kuikalia, bingi nilitengeneza mimi. Batoto yake beko na desturi ya sasa: kila muzee asimame, aseme neno moja juu ya marehemu. Pasteri akasimama, akasema Mwape alikuwa muntu wa Mungu. Jirani akasema alikuwa muntu wa amani. Mimi nikasimama, nikasema: "Mwape alikuwa mudakaji wa mupira wa kwanza mu Katanga yote, na mu mambo ya kugawa samaki alikuwa mwizi." Bazee bawili bakacheka. Batoto bakaangaliana. Mujukuu wake moja, kijana wa iniversite, akauliza: "Tata, mupira ya miguu?" Nikamwambia hapana, mupira ya fimbo, ile ya Bamerika, tulikuwa na timu hapa hapa, na mwaka moja tulishinda bote. Akaitika "Ndiyo, tata," na sauti ile banatumia kwa mugonjwa, akaniletea maji ya kunywa.

Njo sababu ninaandika. Sikusoma sana. Nilifanya miaka mbili mu klasi, kiisha nikaingia mu atelye ya mbao, na kile niko nacho leo nilikipata na randa na msumeno, hakuna muntu alinipatia. Kama maneno yangu hapa inapinda, milango yangu haipindi. Tembea Katuba, ufungue, ufunge, utaniambia. Lakini kuko sababu ya pili. Pale ku matanga, ngambo ingine ya lupango, alikuwa ameikala Tata Mumba, mujomba wa bibi yangu Eseta, amenipa mugongo. Mimi pia nilikuwa nimemupa mugongo. Tunapeana migongo tangu miaka karibu makumi sita, na hatujagombana hata siku moja. Katikati yetu alikuwa Mwape: Tata Mumba akiwa na neno, anamwambia Mwape, Mwape ananiambia. Kila mwaka neno ilikuwa ile ile, swali moja tu, na kila mwaka nilimurudisha Mwape bila jibu. Sasa Mwape iko chini ya udongo, na swali imebaki yulu.

Mwaka ule tulikuwa tungali tunaita muji Elisabethville. Vita ya Bazungu ilikuwa imekwisha tangu miaka kidogo, na masomo, ile shule ya misheni ya Bamerika, ilikuwa na bantu aina mbili. Bale ba bitabu balisomea ualimu na upasteri. Balivaa kaptula nyeupe, balilala mu nyumba ya matofali yenye vioo ku madirisha. Sisi ba atelye tulilala sita mu chumba moja nyuma ya mashini ya kupasua mbao, na vumbi ya mulombwa, ile muti mwekundu, ilituingia mpaka mu ndoto. Muntu akipiga chafya, shuka inakuwa sawa vile amechinja kuku. Chakula ilikuwa bukari, ile ugali ya kwetu, na maharagi. Siku ya tano tulipata samaki mukavu ya Pweto, ile harufu yake ilitufikia asubui mbele ya kengele, na siku ya Mungu kipande ya mukate na karanga ya kusaga ya Madame, bibi ya Muzungu wetu wa atelye. Ba bitabu balikula ku meza, na uma. Sisi tulikula juu ya meza ya kazi, randa tumezisukuma pembeni. Ukuta katikati yetu nabo ilikuwa ya mbao, niliipiga mimi, na niliacha nafasi kidogo ya kusikilia. Siku moja nikasikia mumoja wabo anasema: "Bale ba mbao, akili yabo iko ku mikono. Ukibakata mikono, banabaki bule." Benzake bakacheka na bukari mu kinywa. Niliendelea kupiga randa, lakini ile mbao siku ile ilitoka nyembamba kupita kipimo.

Muzungu wetu wa atelye, Mumerika murefu mwenye masikio ya kuungua na jua, tulimuita Bwana Fimbo. Si juu ya kupiga bantu; hakupiga muntu hata moja. Ilikuwa juu ya fimbo ile alitoa mu sanduku yake mwaka ule, nene mbele, nyembamba nyuma, pamoja na mupira nyeupe yenye uzi mwekundu. Mupira moja! Kwa timu nzima, kwa mwaka muzima. Tuliichunga kupita yai. Ikiingia mu kichaka, masomo yote inasimama, hata mwalimu wa Biblia anakunja suruali anatafuta. Fimbo zingine nilichonga mimi, na mulombwa; ile ya kwanza Bwana Fimbo aliinyanyua na mikono mibili, akauliza kama ni nguzo ya kanisa. Magunia tatu tulijaza vumbi ya mbao, tukayaweka mu pembe tatu ya uwanja nyuma ya atelye. Pembe ya ine, pale muntu anaanzia na pale anarudia, tuliweka ubao, tukaiita "kwetu". Mimi nikapewa ndoo ya chokaa, nichore mistari. Kumbuka ile chokaa. Upande wa kuume wa uwanja kulikuwa kichuguu kubwa kupita nyumba, ya aina ile ya kwetu Katanga. Bwana Fimbo alipigana nayo na piki ya kuchimbia siku mbili, kiisha akasema basi, kichuguu nayo iko mu timu.

Nitakueleza muchezo na maneno kidogo. Muntu anatupa mupira, adui anaipiga na fimbo, kiisha anakimbia: gunia ya kwanza, ya pili, ya tatu, anarudi kwetu. Akirudi, timu yake imepata moja. Akiwa anakimbia, ukimugusa na mupira mu mukono, amekufwa, atoke inje. Na tena, muntu anakimbia juu ya njia yake, pale kuko chokaa. Akiikimbia mupira akaenda kuzunguka mu majani, amekufwa vilevile, hata bila kuguswa. Ile sheria Bwana Fimbo alitusomea siku ya kwanza, na mimi njo nilikuwa nimesimama pembeni yake na ndoo wakati anaisoma.

Mwanzo bote tulijaribu, na ilikuwa aibu. Mwape, mwenzangu wa kitanda ya pembeni, alipiga mupira kwa bahati, akakimbia mpaka gunia ya kwanza, akaikala juu yake.

– Kimbia, Mwape! Bwana Fimbo akapiga kelele.

– Niende wapi, Bwana? Nimefika.

– Gunia ya pili!

– Na hii nimuachie nani?

Ba bitabu nabo balitupa mupira sawa vile bananyoosha daftari kwa mwalimu. Siku moja mupira ikaingia kwa dirisha ya atelye, ikaangusha kopo ya gundi juu ya mulango nilikuwa nimemaliza. Nikakasirika, nikaichukua, nikaitupa inje kwa dirisha ile ile bila kuangalia. Nikasikia "paa!" mu mikono ya Mwape inje, kiisha analia sawa muntu amenyanganywa mukono. Bwana Fimbo akaingia: "Nani alitupa?" Mu atelye hakuna muntu alijua kitu. Mimi nilikuwa chini ya meza, natafuta musumari. Aliona miguu yangu. "Kalenga, toka." Nikatoka, nikangojea malipizi. Akanishika mukono wa kuume, akaugeuza-geuza sawa mama anachagua muhogo ku soko, akasema: "Kesho saa tisa unaacha randa." Njo vile muntu wa atelye aliingia mu timu ya ba bitabu, na Mwape nyuma yangu, juu kati ya bote hakuna mwingine alikubali kudaka ile nilitupa. Balisema akili yetu iko ku mikono. Muzuri. Balikuja kuomba mikono.

Masomo tatu ya Bamerika ilikuwa na timu: yetu, ya Lukafu na ya Kambove. Kombe ilikuwa birika ya kahawa ya Madame, Bwana Fimbo aliipaka rangi ya zahabu. Ukiisugua na kidole, unaona tena birika. Ba Lukafu tulibashinda mara mbili. Balikuwa batoto ba balimaji, mikono nguvu, lakini balizoea kupiga kitu iko chini. Siku za muchezo, bantu ba kampi ya shemine kubwa, ile ya moshi ya shaba, balikuja kuangalia na bibi zabo, balisimama karibu na chokaa, balishangaa na sauti yote. Nilimusikia muzee mumoja anamuelezea bibi yake:

– Unaona ule? Alikimbia, alizunguka, amerudi pale pale alitoka.

– Alisahau nini?

– Sijui. Lakini banamupigia makofi.

Sasa Eseta. Alikuwa anajifunza kushona ku baraza ya Madame na mabinti bengine, na bo njo balitushonea mashati, na kitambaa ya mifuko ya unga. Mu mugongo yangu uliweza kusoma nusu ya jina ya musagaji. Yangu alinishonea mukono wa kuume mupana kupita wa kushoto. Sikumuomba. Mwanamuke akijua kipimo ya mukono wako bila kukugusa, ile ni kitu. Nilimutuma Mwape, mwenye kinywa, kwa mujomba yake, juu kwabo binti si wa baba, ni wa mujomba. Na mujomba ule njo Tata Mumba, kijana wa miaka makumi mbili na munane hivi, alikuwa anasomea upasteri kule Kambove, kifua mupana, sauti sawa ngoma. Mwape akamupelekea jembe mupya na kitambaa, alama yangu ya kuposa. Tata Mumba akaipokea. Akasema jibu ya mwisho ataitoa akikuja Elisabethville, mwezi wa munane.

Tangu siku alama imepokelewa, ule muntu amekuwa mukwe wako, na mambo inabadilika. Haumuiti jina. Haumuangalii ku macho. Haukuli mbele yake, hausemi naye, unatuma muntu. Mukikutana mu njia, unatoka pembeni, unachutama, unapiga makofi pole pole mpaka apite. Na yeye pia ana adabu yake: akikukuta karibu-karibu, uso kwa uso, anageuka, anapita mu majani, anakuzunguka. Si woga, ni heshima ya bote bawili. Kumugusa? Kule kwetu muntu mumoja alimugusa mukwe wake wakati wa kuvuka muto, alikuwa anataka kumushika asianguke. Alama yake ilirudishwa siku ile ile, na jembe ingali na udongo.

Mwezi wa saba Bwana Fimbo alimutuma Mwape Kambove na barua ya kupatana siku ya muchezo wa mwisho, juu Kambove nabo balikuwa bamebashinda ba Lukafu. Mwape alirudi na uso ya muntu anafungia kicheko mu mashavu.

– Kalenga, ndugu yangu, ikala chini.

– Sema.

– Kambove beko na mupigaji mupya. Akiipiga mupira, banaenda kuitafuta kesho yake.

– Basi nitatupa mbio zaidi.

– Weye? Hautamutupia ule.

– Juu ya nini?

– Juu ni mukwe wako.

Nilienda kwa Bwana Fimbo, nikasema niko na homa. Akaweka mukono ku kichwa yangu, akasema ni homa ya kwanza anaona iko na baridi. Nikamueleza ukweli. Akasikia mpaka mwisho, akajikuna masikio, akasema: "Mu uwanja hakuna mukwe, Kalenga. Kuko mupira tu." Muzungu muzuri, lakini mama mukwe yake alikuwa anaikala Amerika, siku makumi tatu mu mashua. Anajua nini? Njo nikaenda ku bomba ya maji kumungojea Eseta.

– Nifanye nini?

– Unaniuliza miye? Weye njo mwenye mukono.

– Nikimugusa mujomba yako, jibu ni hapana.

– Ni hapana, akasema, anaweka ndoo yake chini.

– Basi nitamuachia apite.

– Ah! Batushinde juu yako? Miye niko nashona mashati miezi mine, kiisha bantu banionyeshe kidole: ule njo anaolewa na muntu alijifanya mupumbafu mbele ya Bazungu? Hapana, Kalenga. Shinda. Na usimuguse.

– Ile inafanyika namna gani?

– Ni mambo yenu ya mupira. Nisaidie ndoo.

Siku yenyewe moshi ya shemine ilikuwa inaelekea upande wetu, bantu banatoka machozi mbele ya kuanza. Muamuzi alikuwa Mama Dokta, Mumerika mufupi munene wa hospitali, na kofia ya majani na firimbi. Hakuwa wa masomo yoyote, na sheria ya muchezo aliijua kichwani sawa dawa zake. Tata Mumba akaingia mu uwanja na kaptula. Mimi nilikuwa sijaona magoti ya mukwe mu maisha yangu. Nikaangalia shemine. Wakati alishika fimbo, nikageuza uso, nikatupa nikiangalia kichuguu, na mupira ikaenda kwa kichuguu. Nikatupa vile mara ine, na sheria inasema mupira ine mupotevu, mupigaji anaenda gunia ya kwanza bule. Akaenda pole pole, macho chini, na adabu yote. Zamu yake ya pili, vilevile. Ba bitabu ba timu yetu bakaanza kunungunika: "Ata mikono nayo imekwisha!" Zamu ya tatu nikafunga macho kabisa. Mupira ikaenda sawa, Mungu njo anajua namna gani, na Tata Mumba akaipiga, ikapita yulu ya kichuguu, na benzake bawili balikuwa ku magunia bakarudi kwetu pamoja naye. Nusu yangu ilisikitika. Nusu ingine ilisema: angalia vile mukwe yangu iko na nguvu.

Tulifika mu zamu ya mwisho tukiwa mbele na moja tu. Kambove balikuwa na bantu bawili bamekufwa. Wa tatu akifwa, birika ni yetu. Na nani alikuwa amesimama ku gunia ya tatu, akirudi kwetu tunakuwa sawasawa? Ule ule. Nilikuwa nimemupa njia bule tena, na benzake bakamusukuma mbele, gunia kwa gunia. Mwape akanikaribia, kinywa amefunika na mukono.

– Mutupie huyu mufupi mwenye fimbo. Mukwe usimuangalie.

– Simuangalii.

– Unatoka jasho ku masikio, Kalenga.

– Rudi pahali pako.

Nikajitayarisha. Lakini pale ku gunia ya tatu nikasikia Tata Mumba anakohoa, ile kikohozi ya pasteri mbele ya sala, na nikatupa nikiangalia shemine. Mupira ikapita mbali na Mwape, ikaenda kugonga ukuta ya atelye. Mwape akaikimbilia. Na mudakaji akiacha pahali pake, mutupaji njo anapaswa kukimbia kuchunga kwetu. Bwana Fimbo alitufundisha ile mpaka tukaichukia. Miguu yangu ikaenda yenyewe. Mwape akanitupia, nikadaka, nikageuka.

Tata Mumba alikuwa anakuja juu ya chokaa, kifua mbele, vumbi nyuma yake. Mimi niko mu njia yake, na mupira mu mukono. Ilibaki kunyoosha mukono tu. Bantu ba kampi, bale miezi yote habakuelewa kitu, siku ile bakaelewa: "Muguse! Muguse!" Lakini ba mama ba kwetu, bale balijua, balikuwa bameshika vinywa. Eseta alikuwa amefunika uso na shati ya muntu fulani.

Miguu haikuniuliza. Nikatoka mu njia, nikachutama pembeni ya mustari, nikainamisha kichwa, nikaanza kupiga makofi, na mupira ingali mu mukono: pwa, pwa, pwa. Bwana Fimbo akatoa neno ya kwabo ambayo Madame alimuuliza baadaye ku nyumba.

Sasa njia ilikuwa wazi. Angepita tu. Lakini Tata Mumba ni muntu alilelewa. Kunikuta nimechutama hatua mbili mbele yake, karibu vile, mbele ya bantu bote: miguu yake pia haikumuuliza. Nikaona kiatu yake inaanza kugeuka. Na hapa njo pahali pa swali, basi nitasema kweli. Wakati nilichutama sikufikiri kitu. Lakini nikiwa chini, mbele ya ile kiatu niliona chokaa yangu mwenyewe, na sheria yote ikanirudia, neno kwa neno. Ningeweza kulia: Tata, baki ku mustari! Lakini muntu hasemi na mukwe. Nikanyamaza, nikaendelea na makofi. Kipimo gani ya ile kunyamaza ilikuwa adabu, kipimo gani ilikuwa ujanja, sijui. Mimi napima mbao.

Akaacha chokaa. Akaingia mu majani, akafunika uso na mukono, akazunguka mbali, nyuma ya Mwape, nyuma ya kiti murefu ya ba Madame, sawa vile mukwe anazungukwa, na akakuja kukanyaga kwetu kutoka upande wa nyuma, pole pole, na heshima. Mama Dokta akaangalia chokaa. Akaangalia majani yalilala chini ya miguu yake. Akapiga firimbi.

– Alitoka mu njia. Amekufwa. Muchezo umekwisha.

Ba bitabu bale bale ba ukuta bakaninyanyua yulu ya mabega. Jioni Madame alipika kahawa mu kombe, rangi ya zahabu ikatoka yote mu moto, tukakunywa bila kuuliza. Mimi yangu nilimupatia Mwape. Jibu ilikuja kesho yake, na Mwape. Aliingia mu chumba yetu, akaikala ku kitanda yangu, akaomba bukari kwanza, akakula mpaka akapanguza sahani na kidole.

– Sema, weye!

– Amesema ndiyo.

– Ndiyo?

– Amesema, muntu alikuwa na ushindi mu mukono na akachutama, ule binti nitamupa.

Nikaruka, nikagonga kichwa ku mbao ya msumeno.

– Ngoja, Mwape akasema. Amesema tena: ile sheria ya chokaa, alijua ao hakujua? Nipate jibu kwanza, njo tutakula sahani moja.

Kwetu, kiisha mutoto wa kwanza ao wa pili, mukwe anafunguliwa. Banapika, munakula pamoja, na kutoka siku ile munaangaliana sawa bantu. Tulipata batoto munane, Tata Mumba akawa pasteri, akabatiza bote munane na uso umeelekea ukuta, na hakukubali kufunguliwa. Kila mwaka Mwape anakuja: "Ameuliza, ulijua ao haukujua?" Na kila mwaka mimi: "Mwambie tunamusalimia sana." Nikisema nilijua, nimekuwa mwizi wa birika na wa binti. Nikisema sikujua, nimekuwa mwongo, tena mwongo kwa pasteri. Eseta alisema sisi bawili tuko na akili moja, tunaipokezana.

Basi, ile siku ya posho ku matanga. Saa ya chakula Eseta akatoka ku jikoni na sahani kubwa: bukari, sombe ya majani ya muhogo, samaki ya Pweto. Magoti inamuuma sasa, anatembea sawa mashua. Akasimama katikati ya lupango, katikati ya migongo mibili, akasema na sauti ile bantu bote basikie: "Mwape amekufwa. Miye si mubeba maneno, nilikwisha kubeba batoto munane, inatosha." Akaweka sahani juu ya kiti, kati yetu, akarudi jikoni.

Kijana wa iniversite akabaki na kikombe mu mukono. Nyuma yangu nikasikia sauti, ile ngoma ya zamani, sasa ngozi imelegea:

– Ule muntu wa mbao. Alijua ao hakujua?

Haikuwa imepita kwa Mwape. Haikuwa imepita kwa muntu yoyote. Nikaangalia ukuta ya Mwape mbele yangu, nikajibu ukuta:

– Tata, ile mustari, mwenye kuchora ni mimi.

Kiisha nikasikia miguu ya kiti inakwaruza ku simenti. Biti byangu ninabijua kwa sauti. Kilikuwa kinageuka. Nikangojea tusi, na miaka yangu yote nilikuwa tayari kuipokea.

– Ilikuwa imepinda, akasema.

– Nini, tata?

– Mustari yako. Ilikuwa imepinda. Ungeichora sawa, ningebaki mu njia. Geuka, tukule, bukari inapoa.

Nikageuka. Macho yake ni ya kahawia, moja imeanza kuwa na ukungu, sikuwa najua. Tukanawa mikono mu beseni moja. Akanimegea samaki upande wa tumbo, upande muzuri, ule Mwape alikuwa anatuibia. Nilikula, sikubisha neno, juu ni mukwe yangu na alikuwa amenifungua. Lakini bantu basome hapa, na batoto ya Mwape basome: ile mustari nilivuta kamba mara mbili mbele ya kuichora. Haikupinda.